Kingamwili ya p16 Ikigoma, Uanze Kutafuta Wapi?

"Dada, mweupe tena."

Alikuwa ameunyanyua utando kwa koleo, akiuelekeza dirishani kana kwamba jua lingeonyesha kile ambacho kamera imekataa. Binti wa mafunzo, mwezi wake wa pili kwetu. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, na kiyoyozi cha jengo letu hapa Kizingo, Mombasa, huzimwa saa kumi na moja jioni, watu wawemo wasiwemo. Mara ya tatu wiki ile kuitafuta p16, protini ya uzee wa seli, kwa bloti: protini hutenganishwa kwa umeme kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huitafuta ile moja. Na mara ya tatu hakuna kitu. Barua pepe ya kumlalamikia muuzaji wa kingamwili ilikuwa tayari, kilichobaki ni kubonyeza. Nikamwambia aiache kwanza, akaitoe jeli yake kwenye taka tuipake rangi ya Coomassie, inayoonyesha protini zilizobaki kwenye jeli.

Rangi ilipokolea tukaona: huku juu ya jeli bado pana mabaki ya protini kubwa, huku chini peupe kabisa. Basi zile ndogo zilitoka kwenye jeli. Lakini alipoupaka utando Ponceau S, rangi inayoonyesha protini zote zilizofika hapo, kabla ya kuufunika na maziwa yanayoziba nafasi tupu, chini ya alama ya kilodaltoni 20 (kipimo cha uzito wa protini) hapakuwa na chochote. Alikuwa ameiandika mwenyewe daftarini na hakuitilia maanani. Zilitoka, hazikufika. Kingamwili haikuwa imeguswa bado na kosa lilikwisha kutendeka.

Nimeyaandika haya kwa yeyote anayeitafuta p16 kwa bloti katika maabara ya mwambao, penye joto, unyevu na stima za kupotea. Nimepanga kwa dalili, kwa sababu usiku wa manane mtu huwa ana dalili tu mkononi, sababu haijui.

Kwanza ujue unachokitafuta

p16, kwa jina refu p16INK4a, ni protini ya asidi amino 156, uzito wake kilodaltoni 16 hivi. Kazi yake ni kuzikamata CDK4 na CDK6, vimeng'enya vinavyoisukuma seli igawanyike. Vikikamatwa, protini ya Rb hubaki imefunga mlango na seli husimama. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu hazigawanyiki milele, na p16 ni mojawapo ya breki zinazozisimamisha. Katika tishu nyingi huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwaondolea seli zenye p16 panya wenye kasoro ya kuzeeka haraka, na baadhi ya maradhi ya uzee yakachelewa. Tangu hapo kila mtu anaitaka p16 kwenye picha yake.

Kwa fundi wa maabara, ya kushika ni mawili: ni ndogo sana, na katika sampuli nyingi ni chache au haipo kabisa. Karibu kila tatizo la hapa chini linazaliwa na moja ya hayo mawili.

Dalili: utando mweupe, hakuna mstari hata mmoja

Anza na swali ambalo watu hawapendi kuulizwa: una hakika p16 imo? Seli changa zilizopandwa upya mara chache huwa na p16 kidogo mno. Kama umezizeesha kwa mionzi au kwa doksorubisini, dawa ya saratani, na ukazivuna baada ya siku mbili, utaipata p21, breki nyingine ya seli, imepanda vizuri na p16 bado iko usingizini, kwani yenyewe huhitaji siku kadhaa, mara nyingi zaidi ya wiki. Na kama unatumia seli za saratani, soma historia yake. MCF-7 na A549 zimepoteza jeni lenyewe. U2OS zinalo ila limezimwa. Unaweza kuzipaka kingamwili za dunia nzima, hutaona kitu, na huko kutoona ndiko jibu sahihi.

Kwa hiyo kila jeli iwe na kishimo cha HeLa. Seli hizi, zilizotoka kwa Henrietta Lacks mjini Baltimore mwaka 1951, zimejaa p16 pomoni. Huwa nacheka kila nikiwaeleza wanafunzi: seli isiyojua kuzeeka ndiyo imebeba protini ya uzee kuliko zote. Sababu ni kirusi cha HPV kilichomo ndani yake. Protini yake ya E7 huivunja Rb, mlango umeshang'olewa, na seli yaendelea kumwaga makufuli ya p16 yasiyo na mlango wa kufunga. Weka HeLa upande mmoja na MCF-7 upande wa pili. HeLa ikionyesha mstari na sampuli yako isionyeshe, bloti yako ni nzima na mjadala uko kwenye seli zako. HeLa nayo ikiwa tupu, endelea kusoma.

Sasa ukubwa. Jeli ya asilimia 10 inayotosha kwa protini nyingine itaikimbiza p16 hadi ukingoni pamoja na rangi ya buluu, na mtu akienda kunywa kahawa akachelewa, p16 imeshaingia kwenye bafa, kile kimiminika kinachopitisha umeme, ya tangi la chini. Tumia asilimia 15, au jeli ya mteremko wa 4 hadi 20, na uzime umeme rangi ikiwa bado imo ndani ya jeli kwa upana wa kidole.

Halafu kuhamisha, na hapa ndipo binti wetu alipopotelewa. Utando aliotumia ulikuwa wa vitundu vya mikromita 0.45, ule tunaoutumia kwa mambo mengi, na aliuhamisha usiku kucha kwa sababu mwongozo fulani wa zamani ukutani unasema hivyo. Protini ya kilodaltoni 16 haina haja ya usiku mzima. Inatoka kwenye jeli mapema, inafika kwenye utando, na umeme ukiendelea kusukuma inatokezea upande wa pili kama maji kwenye chujio la nazi. Dawa yake ni utando wa PVDF wa mikromita 0.2, methanoli asilimia 20 kwenye bafa ili protini ishike, na usitie SDS kwenye bafa hiyo, maana SDS ni sabuni, huisaidia kuteleza. Sisi twahamisha kwa volti 100, dakika 45 hadi 60, tangi likiwa limezikwa kwenye barafu. Na usisahau kuulowesha PVDF kwa methanoli safi kabla ya kuuweka kwenye bafa. Ukibaki mkavu mahali, pana doa jeupe na hapo hapashiki kitu.

Kama huamini kwamba inapita, weka utando wa pili nyuma ya wa kwanza. Tulifanya hivyo Alhamisi yake, kwa masharti yake ya zamani, makusudi. Utando wa mbele ulikuwa na kivuli tu kwenye HeLa. Wa nyuma ulikuwa na mstari mweusi mzuri, umenyooka, mahali pake hasa. Aliutazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akaenda kuifuta ile barua pepe.

Bado kuna sababu mbili tatu za utando mweupe zisizohusu ukubwa. Kingamwili ya kwanza huikamata p16, ya pili huikamata ya kwanza na kuleta mwanga; ya kwanza ikiwa ya panya, ya pili lazima iwe ya kukamata kingamwili za panya. Ikiwa ya sungura, vivyo hivyo. Ni jambo la aibu kuliandika lakini chupa zote mbili zina kifuniko cha rangi moja na nimelifanya mimi, si zamani sana. Jingine ni sodiamu azaidi. Watu huitia kwenye kingamwili ili zisiote ukungu, na kwa kingamwili ya kwanza haina neno ukiosha vizuri. Ila ukiitia kwenye bafa ya kuoshea au kwenye kingamwili ya pili yenye peroksidesi, kimeng'enya kinachoiwasha dawa ya mwanga, umeiua peroksidesi, na bila hiyo hakuna mwanga. Kulijaribu hilo ni rahisi: dondosha tone la kingamwili ya pili kwenye kijichupa chenye dawa ya mwanga, gizani. Isipowaka, tatizo umelipata na p16 haina hatia.

Dalili: tangi la kuhamishia linachemka na mkondo wa umeme umepanda

Hii ni yetu sisi wa kisiwani. Maji ya visima vya Mombasa yana chumvi; kila anayeyaoga ajua sabuni isivyotoa povu. Mashine ya kusafishia maji ikichoka, chumvi hiyo huingia kwenye bafa, mkondo unapanda, bafa inapata moto, methanoli inafuka, na jeli inavimba na kubanduka. Ukiona ampea zimepanda kuliko ulivyozoea kwa bafa ileile, usiguse kingamwili. Pima maji. Kama huna kipimo, nunua maji ya betri yaliyokenekwa, ujaribu nayo bafa moja ndogo ulinganishe. Na kama unaazima barafu kwa wauza samaki, kama tunavyofanya stima zikikata, iweke nje ya tangi tu. Barafu ya samaki ina chumvi na mengine nisiyotaka kuyataja.

Dalili: mstari upo, lakini si mahali pake

Ukiona mstari kwenye 25 na mwingine kwenye 50, na sampuli yako ni tishu ya panya, na kingamwili yako ya kwanza ni ya panya, usisherehekee. Kingamwili ya pili imezikamata kingamwili za mnyama mwenyewe zilizokuwa ndani ya tishu. Kingamwili ikivunjwa, mnyororo wake mzito huwa kwenye 50, mwepesi kwenye 25. Nimeona mtu mwenye elimu yake akiueleza ule wa 25 kuwa ni p16 iliyobadilishwa, kwa slaidi nzima na mishale. Tumia kingamwili ya sungura kwa tishu ya panya, au ile ya pili inayotambua kingamwili nzima pekee.

Papo hapo kuna mtego mkubwa zaidi: kingamwili nyingi za p16 ya binadamu haziitambui p16 ya panya. Jina ni lile lile, protini si ile ile. Karatasi ya kingamwili ikisema binadamu tu, usibahatishe.

Tishu yenye damu ina vurugu yake. Minyororo ya himoglobini ina kilodaltoni 15 hadi 16, yaani inakaa palepale inapokaa p16, tena kwa wingi wa ajabu. Huisukuma p16 kando, huupinda mstari, na masalio ya himu yanaweza kuiwasha dawa ya mwanga bila kingamwili yoyote. Osha tishu kwa PBS (bafa ya chumvi) baridi hadi maji yatoke meupe kabla ya kuisaga. Na kila mara kata kipande kimoja cha utando ukipitishe hatua zote bila kingamwili ya kwanza. Kinachoonekana hapo si p16, hata kiwe kizuri vipi.

Kuhusu p14ARF, ambayo watu huihofia kwa kuwa inatoka kwenye jeni moja na p16: haina shida hapa. Jeni ni moja ila herufi zake husomwa kwa mpangilio tofauti, na protini zinazotoka hazifanani.

Dalili: utando mweusi wote, kama umeungua

Uliza maziwa. Ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, yaliyokorogwa siku ile ile. Maziwa ya unga ya chai, yale yenye mafuta kamili ambayo kila duka la Mwembe Tayari linayauza, hufanya mabongemabonge na kuacha madoadoa. Na maziwa yaliyokorogwa asubuhi yakakaa mezani hadi jioni Mombasa si maziwa tena, ni mtindi. Kuna kingamwili nyingine hazipatani na maziwa kabisa. Karatasi yake itakwambia utumie albumini ya ng'ombe.

Uliza pia joto. Mwongozo ukisema "joto la chumba", aliyeuandika alikuwa kwenye nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu Februari, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kina nyuzi 30 na zaidi. Saa moja ya kingamwili ya pili hapa ni kali kuliko saa moja ya kule. Punguza iwe dakika 40, au izimue zaidi. Ya usiku kucha ifanye kwenye friji, nyuzi 4, kwenye kisahani kilichofungwa, kwa sababu utando ukikauka pembeni hata kidogo, pembe hiyo itatoka nyeusi na hakuna kuosha kutakakoiokoa.

Osha mara tatu, dakika kumi kila mara, kwa TBS, bafa nyingine ya chumvi, yenye sabuni ya Tween asilimia 0.1, na umwage bafa yote kila mara. Mengi ya usuli mweusi ni uvivu wa kuosha, na najisema na mimi.

Dalili: mistari meupe ndani ya weusi, au miduara mitupu

Mstari ukiwa mweupe katikati na mweusi pembeni, HeLa zako zimezidi au kingamwili ya pili imezidi. Peroksidesi imeimaliza dawa ya mwanga kabla hujafika kwenye kamera. Punguza protini iwe mikrogramu 10, na uizimue ya pili mara mbili. Miduara mitupu ni mapovu ya hewa kati ya jeli na utando. Viringisha neli ya kioo juu yake ukipanga.

Dalili: mwezi jana ilifanya kazi, leo haifanyi

Hili ndilo linalouma, kwani humo hakuna ulichobadilisha. Au unadhani hivyo.

Nenda kwenye friza kwanza. Kingamwili yenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, nayo huvumilia. Isiyo na gliseroli hugandishwa mara moja tu, ikiwa imeshagawanywa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja; kila kuyeyuka na kuganda tena kunaivunja kidogo. Na friza nyingi za kisasa zisizoota barafu hujipasha moto zenyewe ili ziiyeyushe barafu, kwa hiyo kingamwili iliyowekwa karibu na ukuta inapanda na kushuka kila siku wewe ukiwa umelala. Ihifadhi ndani ya boksi la povu katikati.

Kisha uliza stima. Mwaka fulani zilikatika Ijumaa usiku, jenereta haikuwaka, na askari wa zamu hakuwa na namba ya mtu yeyote wa maabara. Jumatatu tulikuta friza imeganda vizuri, baridi shwari, kila kitu mahali pake. Kilichotusaliti ni kikombe. Tangu siku ile naweka kikombe cha maji yaliyogandishwa ndani ya kila friza, juu yake sarafu ya shilingi kumi. Ukikuta sarafu imezama chini ya barafu, friza iliyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Siku ile jirani yetu ndiye aliyekuwa nacho. Sisi tuliangalia chake.

Kingamwili mpya ikifika, fungua boksi mbele ya aliyeileta na uangalie kama pakiti za baridi bado ni baridi. Mzigo ulioingia uwanja wa ndege Ijumaa alasiri na karatasi za klaringi zina kasoro, utakaa hapo hadi Jumatatu, tena si kwenye chumba baridi. Agiza ifike Jumanne. Zikifika na maji ya vuguvugu, usizitupe. Kingamwili si samaki. Nyingi huvumilia siku chache za joto. Andika tarehe, piga picha, kisha ijaribu kwa HeLa kabla hujaitia kwenye sampuli ya mtu.

Kwenye slaidi za tishu

Wenzetu wa patholojia huipaka p16 kwenye vipande vya mlango wa kizazi, kwa sababu ya HPV niliyoitaja, na wao wana uzoefu kutuzidi. Waombe kipande chenye p16 nyingi ukiweke kwenye kila mfululizo wako. Rangi ikitoka kwenye kiini na kwenye saitoplazimu pamoja, ni sawa, ndivyo p16 inavyokaa. Isipotoka hata kwenye kipande chao, angalia hatua ya kuchemsha kwenye bafa inayofungua antijeni, yaani sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili: pH yake, na kama kweli ilifika karibu na kuchemka. Ikitoka kahawia kila mahali, huenda hukuizima peroksidesi ya tishu yenyewe kwa haidrojeni peroksidi.

Ikiwa ni kingamwili kweli

Hutokea. Loti mpya, yaani mkupuo mpya wa kiwandani, ya kingamwili ya sungura ya polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi) inaweza kuwa tofauti na ya zamani kama nazi mbili za mnazi mmoja. Lakini ili usikilizwe na muuzaji unahitaji picha ya utando mzima usiokatwa, alama za ukubwa zikionekana, HeLa na MCF-7 zikiwa kwenye jeli moja, Ponceau ya utando ule ule ikionyesha protini ndogo zilifika, na ikiwezekana loti ya zamani na mpya kwenye vipande viwili vya utando mmoja. Binti wetu sasa anayo yote hayo kwenye folda moja, ijapokuwa hajaihitaji. Fibroblasti zake, seli za tishu unganishi, zilizozeeshwa zilitoa mstari wa p16 siku ya kumi, hafifu, kando ya HeLa nyeusi kama lami.

Namba ya loti iko chini ya lebo kwa maandishi madogo. Ipige picha siku chupa inapofika, kabla unyevu wa friza haujaifuta.